Kichupa cha Maji Matupu

Kila ninapopanga sampuli za kusomwa jenomu, yaani maandishi yote ya vinasaba vya kirusi, nafasi ya mwisho haina mgonjwa. Zile 23 za kwanza kila moja ina mtu wake: mvuvi wa Dunga, mwalimu wa Nyakach, mtoto aliyeletwa na nyanya yake akiwa amefungwa leso mgongoni. Ya 24 naitia maji. Ni maji yaliyosafishwa hadi hayana kitu, nami nayapitisha kila hatua wanayopitia wenzake, kwa kemikali zile zile, mashine ile ile na gharama ile ile. Mwishoni natarajia yaniambie: hapa hapana kitu.

Nilipoanza kazi niliona huo ni ubadhirifu. Nafasi hiyo si tungempa mtu mwingine? Nilimwuliza hivyo mzee mmoja wa maabara yetu hapa Kisumu, ambaye sote tunamwita Jaduong', naye akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. "Nyar Nakuru," akaniambia, yaani binti wa Nakuru, "hicho ndicho kichupa pekee humu ndani ambacho jibu lake unalijua kabla hujaanza." Kisha akarudi kwenye chai yake. Jaduong' ana diploma tu, na amefanya kazi ya maabara tangu kabla mimi sijazaliwa. Wakati huo nilikuwa na digrii mpya kabisa, nikaona hayo ni maneno ya wazee.

Mimi ni mtoto wa Kaptembwo, mtaa wa Nakuru. Baba alikuwa fundi wa magari, mama anauza mitumba hadi leo, na neno "virolojia", yaani elimu ya virusi, halikuwahi kukanyaga nyumbani kwetu. Nilisomea sayansi za tiba kwa sababu ile ile iliyowaleta wengi darasani mwetu: alama za udaktari zilitupita kidogo. Miaka miwili ya kwanza nilisoma kama abiria anayeachia matatu ipite akingoja ya nyuma. Halafu siku moja, mwaka wa tatu, mhadhiri akatuambia kwamba virusi vya homa ya Bonde la Ufa vilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya wanakondoo kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Nikainua kichwa. Naivasha ipi? Hii yetu, ya kaunti yetu, ambako kila tukienda Nairobi tunanunua karoti na kabeji kando ya barabara?

Wiki hiyo nilikaa maktaba kuliko kawaida. Nikakuta Pango la Kitum kule Mlima Elgon, ambamo tembo huingia gizani kuchimba chumvi ukutani, na ambalo lilikuwa limetembelewa na wagonjwa wawili wa homa kali ya virusi iitwayo Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987. Nikakuta o'nyong-nyong, homa ya kuvunja viungo iliyozuka kaskazini mwa Uganda mwaka 1959, ikapewa jina la Kiacholi, kisha ikauzunguka mwambao wa Ziwa Victoria hadi huku kwetu ikibebwa na mbu wale wale wa malaria. Mpaka hapo nilidhani virusi ni habari za nchi za watu. Kumbe nilizaliwa katikati yake, ila sampuli ndizo zilizokuwa zikipanda ndege kwenda kusomwa kwingine.

Nilifika Kisumu mwaka 2019 kwa atachimenti ya miezi mitatu. Sijaondoka.

Mwaka wa kwanza hauna mengi. Niliandika majina kwenye vichupa, nikapanga masanduku ndani ya friji ya digrii hasi 80, nikaosha, nikaandika tena. Nilijua kila sanduku lilipo, na hiyo ilikuja kunifaa kuliko somo lolote nililofanyia mtihani. Machi 2020 ugonjwa wa korona ukatangazwa Kenya, na kufikia mwisho wa mwaka maabara ilikuwa inahitaji mikono ya kusoma jenomu. Mikono iliyokuwa karibu ilikuwa yangu.

Kumweleza mama kazi hiyo kulinichukua majaribio kadhaa. Nilijaribu herufi: kirusi cha korona kina maandishi yenye herufi kama 30,000, na aina za herufi ni nne tu. Akaitikia "ehee" ile ya kukufukuza. Nikajaribu tena Krismasi, tukiwa jikoni. Mama ni mwanakwaya, na nyimbo zao bado zinanakiliwa kwa mkono, daftari kwa daftari. Nikamwuliza: mtu mmoja akikosea, akaandika "mwanga" mahali pa "mganga", na wengine watatu wakanakili kwake, si hao watatu wote watakuwa na "mwanga"? Na mmoja wao akiongeza kosa lake, atakayenakili kwake si atakuwa na makosa mawili? Mama akaacha kukatakata sukuma. "Kwa hiyo ukikusanya madaftari yote," akasema, "unajua nani alinakili kwa nani." Nikamwambia ndiyo, karibu hivyo. Akafikiri kidogo, kisha akanitajia kwa jina mama mmoja wa sauti ya tatu ambaye daftari lake ndilo chanzo cha uharibifu wote.

Lile neno "karibu" ndilo limekuja kunisumbua zaidi, na nitalirudia.

Juni 2021 Kisumu ilikuwa pabaya. Tarehe 1 tulikuwa tumesherehekea Madaraka hapa mjini, uwanja mpya wa Mamboleo ukafunguliwa, watu wakajaa. Kirusi kilichokuwa kimevuma India, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikuwa ndiyo kwanza limekipa jina la Delta, kilikuwa kimekwisha kuripotiwa Kisumu tangu Mei. Tarehe 18 serikali ikatangaza masharti kwa kaunti 13 za ukanda wa ziwa na jirani zake, kafyu ikawa kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Oksijeni ilikuwa inatafutwa kama mafuta ya taa. Na kila mtu, kuanzia mwenye boda hadi mwenye ofisi, alitaka kujua jambo moja: ni Delta?

Mashine tuliyokuwa nayo ni MinION, kitu kidogo unachoweza kukisahau mfukoni. Ndani yake unatia kibamba chenye matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Uzi wa vinasaba hupenya tunduni, na mkondo wa umeme unaopita hapo hubadilika kulingana na herufi zinazopita. Kompyuta ndiyo inayotafsiri mtetemo huo kuwa maandishi. Kibamba kimoja kilikuwa ghali kuliko mshahara wangu wa mwezi. Lakini kabla ya kufika huko, kirusi lazima kiongezwe kwa PCR, njia ya kunakili vinasaba tena na tena, maana kilichomo puani mwa mgonjwa ni kichache. Nakala moja ikizaa mbili kila mzunguko, baada ya mizunguko 35 utakuwa na nakala zaidi ya bilioni 34. Hesabu hiyo iko kwenye kila kitabu, na nilikuwa nimeijibu kwenye mtihani. Sikuwa nimeielewa.

Jioni moja ya mwezi huo nilikuwa na sampuli 23 zilizokuwa zikisubiriwa na wakubwa, pamoja na maji. Kafyu ilipoingia nilikuwa bado nachanganya kemikali, hivyo nikaamua kulala maabara. Nilikula mandazi ya asubuhi, nikaegemeza viti viwili. Kuelekea saa tisa usiku niliamka nikatazama kompyuta, na sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Jenomu 23, karibu zote zimejaa kutoka mwanzo hadi mwisho bila pengo, zote Delta. Saa kumi na moja alfajiri nikamtumia bosi ujumbe: "Zote 23 ni Delta, daktari." Akajibu kwa neno moja: "Safi." Akapeleka habari alikotakiwa kuipeleka.

Saa nne Jaduong' akaingia, akatundika koti, akaniona natabasamu. Hakuuliza matokeo. Aliuliza, "Na maji yanasemaje?"

Sikuwa nimeyaangalia.

Nikafungua faili. Maji matupu yalikuwa na zaidi ya nusu ya jenomu ya kirusi. Nayo ilikuwa Delta.

Nataka nieleze zile dakika chache zilizofuata, kwa sababu nadhani ndizo zilizoamua kama ningekuwa mtu wa kazi hii au la, na sikuzipita kwa ushujaa wowote. Jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba mashine huchanganya kidogo alama tunazotia kutofautisha sampuli, hilo linajulikana, kwa hiyo labda ni hilo tu. La pili nililofikiri ni kuinua kizingiti: ukiiambia programu isihesabu kitu chini ya kiwango fulani, maji yanageuka kuwa safi. Ni kubadilisha namba moja kwenye mstari mmoja. La tatu, nalo ndilo baya zaidi, ni kwamba jibu lilikuwa lile lile ambalo kila mtu alilitarajia. Kisumu ilikuwa imejaa Delta. Nani angerudi kuuliza?

Jaduong' alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo, hasemi kitu. Sijui kama alikuwa anasoma mawazo yangu au alikuwa anangoja tu maji ya chai yachemke. Nikachukua simu nikampigia bosi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya. Wewe umeniambia mimi, sasa mimi niwaambie wao." Siku ile wahenga waliosema maji yakimwagika hayazoleki walinikaa kooni. Ripoti ilizoleka, lakini kwa aibu, kwa simu tano au sita, na moja kati ya hizo nilipiga mwenyewe.

Tulitafuta chanzo siku mbili. Maabara ya namna hii ina vyumba vinavyokwenda upande mmoja tu: kule sampuli zinaingia kukiwa bado hakujaongezwa kitu, huku ndiko yaliko yale mabilioni. Mtu akitoka huku harudi kule siku hiyo hiyo ila kwa kuoga na kubadilisha nguo, na vifaa havirudi kabisa. Nilikuwa nayafuata hayo yote. Tulipangusa mishikio ya friji, pipeti, viti, swichi za taa, tukavipima vyote kwa PCR kama wagonjwa. Kilichotoka na virusi vingi kuliko vyote ni kalamu yangu ya maka. Ilikuwa ndiyo kalamu pekee iliyobaki ambayo wino wake ulishika kwenye kichupa chenye barafu, na nilikuwa naitia mfukoni, natoka nayo chumba kimoja kwenda kingine. Kalamu ya shilingi 150.

Tukamwaga kila kitu kilichokuwa kimefunguliwa, tukaosha kwa jiki, tukaosha tena kwa spiriti, tukaomba praima mpya, vile vipande vifupi vya vinasaba vinavyoanzisha PCR, kutoka kwa wenzetu. Siku tisa baadaye nilirudia zile sampuli 23, safari hii maji yakiwa kimya. Delta zilikuwa 21. Moja ilikuwa na virusi vichache mno haikusomeka. Na moja ilikuwa Alpha, aina nyingine ya kirusi.

Watu wema waliniambia: unaona, hukukosea sana. Nilielewa nia yao, lakini sikukubali na sikubali hadi leo. Nilipatia 21 kwa bahati, na kwa huyu mmoja wa Alpha niliandika jambo ambalo halikuwa lake. Lilitoka mfukoni mwangu. Kitu kilichonitisha ni jinsi yale matokeo mabaya yalivyokuwa mazuri kuyatazama. Jenomu chafu haiji na harufu. Tangu siku ile sifungui sampuli yoyote kabla sijafungua maji, na kalamu kila chumba kina yake, imefungwa kwa kamba mezani kama zile za benki.

Sasa lile "karibu".

Mwaka uliofuata, wimbi la Omikroni lilipokuwa limeshapita, tuliletewa sampuli kutoka wodi ya hospitali moja ya ukanda huu. Wagonjwa wawili na muuguzi mmoja waliambukizwa ndani ya wiki moja, na mgonjwa mmoja alifariki. Nilisoma jenomu zote tatu. Zilikuwa sawa herufi kwa herufi. Msimamizi mmoja akanipigia moja kwa moja, si kupitia kwa bosi, na sauti yake ilikuwa ya upole kupita kiasi. Alitaka niandike kwamba muuguzi ndiye aliyeleta ugonjwa wodini. "Si zinafanana?"

Zilifanana, ndiyo. Lakini kirusi cha korona hubadilika herufi kama mbili hivi kwa mwezi. Ndani ya wiki moja kinaweza kupita kwa watu wanne bila kubadilisha hata moja. Madaftari matatu yenye kosa lile lile hayakwambii la kwanza ni lipi, wala kama yote matatu hayakunakiliwa kutoka la nne ambalo hukuliona: mgeni wa kumtazama mgonjwa, mwenye kuleta uji, mfagiaji, mwanafunzi. Kama jenomu zingekuwa zimetofautiana kwa herufi kumi ningeweza kusema kwa ujasiri kwamba hawakuambukizana. Kukataa jenomu inaweza. Kushtaki haiwezi, angalau si peke yake.

Nilikaa na sentensi moja mchana mzima. Rasimu ya kwanza ilisema jenomu "zinaonyesha" maambukizi ndani ya wodi. Bosi akakata kwa kalamu nyekundu, akaandika "hazipingani na". Nilidhani anajikinga, kama wanavyojikinga wakubwa. Baadaye nikakutana na yule muuguzi kwa bahati kwenye semina, bado ana kazi yake, na hakujua mimi ni nani. Alinisaidia kupata soketi ya kuchajia simu. Tangu hapo maneno "hazipingani na" sijayaona tena kuwa ya woga.

Kuhusu kompyuta nitasema machache, ingawa ndiko muda wangu mwingi unakoishia. Hakuna aliyenifundisha kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Nilijifunza usiku, kwa bando la simu, kwenye kipakatalishi cha kuazima ambacho herufi "e" ilikuwa imeng'oka. Wiki mbili nzima nilishindwa kuendesha programu moja kwa sababu jina la faili langu lilikuwa na nafasi katikati. Wiki mbili! Na data ni nzito: kuna wakati ilikuwa haraka zaidi kumpa mwenye boda diski aivushe mjini kuliko kungoja intaneti. Stima nayo ina tabia zake. Mvua za alasiri za Kisumu hazipigi hodi, na jenereta huchukua muda wake kuamka, na muda huo unatosha kuua usomaji wa muda wa saa kumi. Nilijifunza kuanza kusoma usiku mvua ikishakwisha.

Kuna jambo jingine nimelisitasita. Kazi fulani niliyoifanya kwa mikono yangu miezi minane ilikuja kuchapishwa, na jina langu likawekwa mahali pa kushukuriwa, mstari mmoja na aliyetoa gari. Dereva wa gari lile ni rafiki yangu na alistahili shukrani, tena kubwa kuliko aliyopewa. Ndiye aliyejua kila zahanati kutoka Ugenya hadi Muhuru, na ndiye aliyekuwa akibadilisha barafu kwenye kisanduku bila kuambiwa. Lakini niliumia. Niliandika barua ndefu, sikuituma. Mradi uliofuata niliuliza mapema, siku ya kwanza, mbele ya watu, na sauti yangu ikitetemeka: nani atakuwa mwandishi, na kwa kufanya nini? Kukawa kimya kile cha kikao, cha watu kutazama maji yao ya chupa. Kisha wakajibu. Inaonekana nao walikuwa na maswali kama hayo, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Mikataba yangu yote imekuwa ya mwaka mmoja au pungufu. Mama anaamini nimeajiriwa. Sijapata namna ya kumweleza vinginevyo. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, hapa Kisumu ilikuwa kama mtu amezima redio katikati ya wimbo. Watu waliotembea vijijini miaka kumi wakichukua damu na kukumbuka majina ya watoto waliambiwa warudishe fulana na vitambulisho. Mradi wangu haukuwa wa fedha hizo moja kwa moja, ila ulikuwa umeegemea ukuta ule ule, nao ukapasuka. Wenzangu wanne walikwenda. Mmoja ana duka la simu Kondele, na ananiambia usingizi umerudi.

Kilichobaki ni friji. Friji ya digrii hasi 80 haijui kwamba mradi umefungwa. Inataka stima ile ile, na ikilia usiku mtu lazima aje. Kwa miezi mitatu mtu huyo alikuwa mimi na Jaduong', kwa zamu, bila posho. Ndani kuna maelfu ya vichupa, vingine nimeviandika mwenyewe nikiwa atachi, kwa mwandiko ambao sasa naona ulikuwa wa mtoto. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikuondoka, na huwa natoa jibu la heshima kuhusu sayansi. Ukweli ni kwamba sikuweza kufikiria mtu mwingine akifungua lile friji na kutojua sanduku lipi ni lipi.

Sasa nina mkataba wa miezi sita, wa rota, kirusi cha kuharisha. Kenya ilianza kutoa chanjo ya rota kwa watoto mwaka 2014, na kazi yetu ni kutazama ni aina zipi zinazozunguka miaka hii yote baadaye, kwenye vinyesi vya watoto wanaoletwa wakiharisha. Ni kirusi cha vipande 11, kama daftari lililochanika, na virusi viwili vikikutana ndani ya mtoto mmoja vinaweza kubadilishana kurasa. Mama hajafurahia mabadiliko haya. Korona angalau ilikuwa na heshima kanisani.

Tuna mwanafunzi wa atachi kutoka Kakamega, kijana mwepesi, mwenye maswali. Jumanne iliyopita alisoma sampuli zake za kwanza peke yake, akaniita. "Madam, njoo uone." Nikamwambia tufungue maji. Maji yalikuwa na mistari minane ya maandishi ya rota. Si elfu nane, ni minane tu, mahali ambapo mgonjwa mwenye virusi vingi alikuwa na mamia ya maelfu. Akaniuliza kama hiyo ni sifuri. Nikavuta kiti. Tulibishana karibu saa nzima, yeye akitaka nimpe namba moja ya kushika na mimi sina, maana inategemea ni sampuli ipi unayoilinganisha nayo. Ilibidi tumwite Jaduong', ambaye alitazama skrini kwa miwani yake iliyofungwa uzi, akauliza vichupa vilipangwa vipi na nani aliyekaa jirani ya maji. Jirani ndiye alikuwa na virusi vingi kuliko wote.

Tukaamua kurudia zile sita zenye virusi vichache, na safari hii maji yakae mbali na yule jirani. Zile nyingine tukaziacha kama zilivyo, na sababu tukaiandika daftarini kwa maneno kamili, tarehe na sahihi tatu. Kijana akaanza kuyeyusha kemikali. Saa tisa na robo wingu likatokea upande wa Kisian, nikamwambia azirudishe kwenye barafu kwanza.